Somo la 9: Sadaka Iendayo Mbali

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Matendo 6:1–7; Ezra 8:21–34; 1 Wakorintho 16:1–4; 2 Wakorintho 8:13–24; Matendo 10:1–33; Warumi 10:14–17; Warumi 15:25–31; Wafilipi 4:10–18.

Fungu la Kukariri: 2 Wakorintho 8:20, 21. Lisome katika Biblia yako na ulikariri juma hili.

Mama aliyeuza ndizi sokoni juma zima anafika kanisani siku ya Sabato. Anatia noti ndani ya bahasha, anaandika kiasi, anaifunga na kuiweka katika chombo cha sadaka. Tangu hapo haioni tena fedha hiyo. Sehemu yake itabaki kanisani. Sehemu nyingine itavuka mito na mipaka: italipia matangazo ya redio yatakayosikiwa na mtu asiyemjua, au itanunua unga kwa ajili ya ndugu katika imani ambao mafuriko au vita vimewaacha bila kitu.

Kati ya mkono wa mama huyo na mkono wa yule atakayepokea iko mikono mingine mingi: ya shemasi, ya mhazini, ya mtumishi katika ofisi ya konferensi, ya dereva wa gari la misaada. Somo la juma hili linaihusu mikono hiyo ya katikati.

Watu wengi huona utawala wa kanisa kuwa kazi kavu ya vitabu na vikao, kazi isiyo ya kiroho kama kuhubiri au kuombea wagonjwa. Biblia haitenganishi mambo haya. Mikono ya katikati ikilegea, aliye mbali hulala njaa, na aliye karibu huacha kutoa. Kwa hiyo utaratibu mzuri ni sehemu ya upendo wenyewe.

*Jifunze somo la juma hili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI
Meza Iliyolalamikiwa

Soma Matendo 6:1–7. Malalamiko yalikuwa juu ya nini, na mitume waliyashughulikia kwa njia gani?

Kanisa la Yerusalemu lilikuwa linakua kwa kasi. Katika ukuaji huo, wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walianza kurukwa katika ugawaji wa kila siku. Luka hakuona haya kuliandika jambo hili. Hasemi kama lilifanywa kwa makusudi au kwa kusahau. Kwa mjane aliyerudi nyumbani na chombo kitupu, tofauti hiyo ilikuwa ndogo sana.

Angalia mambo ambayo mitume hawakuyafanya. Hawakuwaambia wajane wavumilie tu kwa kuwa Bwana anakuja. Hawakuwashutumu waliolalamika kwamba wanaleta mgawanyiko. Waliliita kusanyiko lote, wakalisema tatizo mbele ya wote, wakawaachia washiriki wenyewe wachague watu saba. Sifa zilizotakiwa zilikuwa tatu: kushuhudiwa vema, kujazwa Roho, na kuwa na hekima. Hizo ndizo sifa walizotakiwa kuwa nazo watu wa kugawa chakula.

Sasa yasome majina ya wale saba. Yote ni majina ya Kiyunani, na wa mwisho, Nikolao wa Antiokia, hakuwa hata Myahudi kwa kuzaliwa. Kanisa liliwakabidhi huduma ya meza watu waliofahamu lugha ya wajane waliosahauliwa. Waebrania nao waliwaamini watu hao. Mtu aliyekuwa na mashaka juu ya haki ya ugawaji aliweza sasa kumwona msimamizi aliyeijua hali yake.

Matokeo yake yako katika fungu la 7: neno la Mungu likaenea, na hata makuhani wengi wakaitii imani. Luka anaandika habari ya meza na habari ya kuenea kwa injili pamoja, kwa sababu mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Mahubiri ya mitume juu ya upendo wa Kristo yangepokewaje Yerusalemu kama wajane wake wangeendelea kulala njaa?

*Katika kanisa lako, ni nani anayeweza kurukwa wakati wa kugawa msaada kwa sababu ya lugha yake, kabila lake, au kwa sababu hana mtu wa kumsemea? Utafanya nini juma hili ili akumbukwe?*

JUMATATU
Mizani Kando ya Mto

Soma Ezra 8:21–34. Ezra alimtegemea Mungu katika jambo gani? Ni hatua zipi za tahadhari alizozichukua hata hivyo?

Ezra alipiga kambi kando ya mto wa Ahava pamoja na msafara wa watu waliokuwa wakirudi Yerusalemu. Safari yote kutoka Babeli ilichukua karibu miezi minne (Ezra 7:9). Njiani walikuwako wanyang'anyi, na msafara ulikuwa na watoto wadogo. Tena ulibeba mali nyingi: talanta 650 za fedha, talanta 100 za dhahabu, vyombo vya fedha, na vikombe 20 vya dhahabu. Mali hiyo ilikuwa matoleo ya mfalme, ya washauri wake, na ya Waisraeli waliokuwako, wote wakiipeleka katika nyumba ya Mungu iliyo mbali.

Ezra aliona haya kumwomba mfalme askari na wapanda farasi, kwa sababu alikuwa amekwisha kumshuhudia kwamba mkono wa Mungu huwalinda wamtafutao. Basi wakafunga na kuomba, na Mungu akawasikia.

Lakini mtu huyo huyo aliyekataa askari hakukataa mizani. Aliwatenga wakuu 12 wa makuhani, akapima kila kitu na kukitia mikononi mwao, akawaonya wakilinde mpaka watakapokipima tena Yerusalemu. Walipofika walipumzika siku tatu. Siku ya nne vyote vikapimwa ndani ya nyumba ya Mungu, mbele ya makuhani wawili na Walawi wawili. Hesabu ikalingana, na uzani wote ukaandikwa.

Wako wanaofikiri kwamba kudai hesabu ni kukosa imani, au ni kumtukana mhazini. Ezra hakufikiri hivyo. Mizani haikuwekwa kwa sababu makuhani walikuwa wezi. Iliwekwa ili Yerusalemu asitokee mtu wa kunong'ona kwamba dhahabu ilipungua njiani. Kuhani mwaminifu alilindwa na mizani kama vile dhahabu ilivyolindwa.

Ndiyo sababu kanisa lina utaratibu wake. Sadaka huhesabiwa na zaidi ya mtu mmoja. Mtoaji hupewa stakabadhi. Fedha zisizo za kanisa mahalia hupelekwa konferensi kila mwezi, na vitabu hukaguliwa. Pamoja na uwazi huo, mhazini hutunza siri ya kiasi alichotoa kila mshiriki, ili maskini asiaibike na tajiri asijivune. Hesabu ya jumla ni ya wote kuiona. Kiasi cha mtoaji mmoja mmoja hubaki kati yake na Mungu.

*Je, umewahi kuchukizwa ulipoombwa hesabu ya kitu ulichokabidhiwa? Kisa cha Ezra kinakufundisha nini juu ya hisia hiyo?*

JUMANNE
Paulo Hakubeba Peke Yake

Soma 1 Wakorintho 16:1–4. 2 Wakorintho 8:16–24. Ni watu gani waliohusishwa katika kuipeleka sadaka, na kwa nini?

Katika miaka ya 50 baada ya Kristo, Paulo aliendesha changizo kubwa katika makanisa ya Galatia, Makedonia na Akaya kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu. Wakati huo hapakuwa na benki ya kutuma fedha nchi ya mbali. Sarafu zilifungwa mfukoni, na mfuko ukabebwa na mtu kwa miguu na kwa merikebu.

Paulo alikuwa mtume, naye ndiye aliyeyaanzisha mengi ya makanisa hayo. Angeweza kudai aaminiwe. Badala yake aliwaandikia Wakorintho kwamba wao wenyewe wachague watu wa kuipeleka sadaka yao, naye atawapa barua. Kisha akamtuma Tito pamoja na ndugu wawili. Ndugu hao hawatajwi majina. Tunaambiwa tu kwamba mmoja alisifiwa katika makanisa yote na kuchaguliwa nayo, na mwingine alikuwa amepimwa mara nyingi akaonekana ana bidii. Katika Matendo 20:4 iko orodha ya watu saba waliosafiri na Paulo, kutoka Beroya, Thesalonike, Derbe na Asia. Wanafunzi wengi wa Biblia wanaona kwamba hao walikuwa wajumbe wa makanisa yaliyochanga.

Utaratibu huu ulikuwa na gharama. Watu saba hula zaidi ya mtu mmoja, na nauli zao ni zaidi. Hata hivyo Paulo aliona ni afadhali kuliko kuacha nafasi ya lawama. Alijua hatari iliyokuwapo, maana Korintho palikuwa na maneno kwamba yeye ni mjanja aliyewanasa watu kwa hila (2 Wakorintho 12:16–18). Hakuyajibu maneno hayo kwa hasira tu. Aliyajibu kwa kuwaweka mashahidi.

Sadaka ilipofika Yerusalemu, Paulo alikamatwa. Mbele ya liwali Feliki aliweza kusema wazi kwamba alikuja kuwaletea watu wa taifa lake sadaka (Matendo 24:17). Feliki alitumaini kupewa fedha ili amfungue, akawa anamwita mara kwa mara (fungu la 26). Mtu ambaye sadaka za makanisa mengi zilikuwa zimepita katika uangalizi wake alikaa kifungoni miaka miwili, na liwali akaondoka madarakani akimwacha amefungwa.

*Kwa nini mtu aliye mwaminifu anapaswa kuwa wa kwanza kutaka mashahidi? Ni katika majukumu gani kanisani kwenu mtu mmoja ameachwa abebe peke yake?*

JUMATANO
Sauti Inayoacha Anwani

Soma Matendo 10:1–8, 21–33, Warumi 10:14–17. Kwa nini malaika hakumhubiria Kornelio injili yeye mwenyewe?

Malaika alisimama nyumbani kwa Kornelio huko Kaisaria. Alikuwa na nafasi ya kumweleza habari zote za Yesu. Badala yake alimpa jina na anwani: amtafute Simoni aitwaye Petro, huko Yafa, katika nyumba ya Simoni mtengenezaji wa ngozi, iliyo karibu na bahari. Sauti kutoka mbinguni ilimwelekeza msikilizaji kwa mtu anayeishi katika nyumba yenye mlango.

Hapo kuna fundisho kubwa kwa kazi ya utangazaji. Mwaka 1929, Mchungaji H.M.S. Richards alianza kuhubiri kwa redio huko California, Marekani. Mwaka 1942, kipindi chake, *Sauti ya Unabii*, kilianza kusikika nchi nzima, na mwaka huo huo ikaanzishwa shule ya Biblia kwa njia ya posta. Mambo hayo mawili yalihitajiana. Redio ilimfikia msikilizaji chumbani mwake, na posta ikambebea swali lake na kumrudishia jibu. Tarehe 1 Oktoba 1971, Redio ya Waadventista Ulimwenguni ilianza kurusha matangazo kutoka Ureno, kwa mitambo ya kukodi, ili kuwafikia watu katika nchi ambazo wamishonari hawakuweza kuingia. Katika Afrika Mashariki nako, masomo ya *Sauti ya Unabii* kwa Kiswahili yaliingia katika nyumba nyingi ambazo mhubiri hakuwahi kubisha hodi.

Mafundi, umeme, muda wa hewani, karatasi na stempu vyote hulipiwa kwa sadaka. Lakini gharama iliyo rahisi kusahauliwa ni ile ya kujibu. Wajumbe watatu wa Kornelio walipofika Yafa, walimkuta Petro yupo. Aliwakaribisha, wakalala, na kesho yake akaondoka nao. Ingekuwaje kama wangeukuta mlango umefungwa na jirani hajui Petro alikokwenda?

Leo msikilizaji hupiga simu au hutuma ujumbe mfupi. Anauliza kuhusu Sabato, au kuhusu mtoto wake aliyefariki, au kama liko kanisa karibu na kijiji chake. Simu isipopokelewa, fedha iliyolipia matangazo imemfikisha mlangoni na kumwacha nje. Kwa hiyo baraza la kanisa linapopanga matangazo, linapaswa kupanga pia ni nani atakayejibu, na ni nani atakayemtembelea anayeuliza.

*Kama msikilizaji wa redio angefika kanisani kwenu Sabato hii bila kumjua mtu yeyote, angepokelewa na nani?*

ALHAMISI
Anayepokea Naye Ana Heshima

Soma Warumi 15:25–31, 2 Wakorintho 8:13–15, Wafilipi 4:10–18. Paulo alikuwa na wasiwasi gani juu ya sadaka aliyoipeleka Yerusalemu?

Paulo aliwasihi Warumi wamwombee, si kwa ajili ya usalama wake tu, bali pia ili huduma yake ikubaliwe na watakatifu wa Yerusalemu. Ombi hili linashangaza. Je, maskini anaweza kukataa msaada? Anaweza, ikiwa msaada huo unamshusha. Ilikuwa vigumu kwa Wayahudi waaminio kupokea fedha kutoka kwa Mataifa ambao wengine wao walikuwa bado wanawatilia mashaka.

Kwa sababu hiyo Paulo hakuiita sadaka hiyo hisani ya matajiri. Aliita deni. Mataifa walikuwa wameshiriki mambo ya roho yaliyotoka Yerusalemu; sasa walikuwa wanarudisha kwa mambo ya mwilini. Kwa Wakorintho alieleza kwamba wingi wa wakati huu upande mmoja unajaza upungufu wa upande mwingine, na kesho mambo yanaweza kugeuka.

Washiriki wa Afrika Mashariki wanalielewa jambo hili vizuri. Mwaka 1903, wamishonari wa kwanza Waadventista walifika katika milima ya Upare kutoka Ujerumani. Mwaka 1906 kazi ilianza Gendia, karibu na Ziwa Viktoria. Nyuma yao walikuwako washiriki waliotoa sadaka kwa ajili ya milima na ziwa ambavyo hawakuviona. Leo makanisa ya Upare na ya Gendia nayo hutoa Sadaka ya Sabato ya Kumi na Tatu kwa ajili ya nchi nyingine. Aliyepokea jana anatoa leo.

Wafilipi walipomtumia Paulo msaada kwa mkono wa Epafrodito, aliyeugua karibu kufa katika huduma hiyo, Paulo aliandika kwamba amepokea vyote. Neno la Kiyunani alilotumia ndilo walilotumia wafanyabiashara katika stakabadhi. Mtume alitoa risiti! Kisha akaiita zawadi yao harufu nzuri mbele za Mungu. Alishukuru kwa moyo bila kujidhalilisha.

Basi anayetuma msaada na aulize kwanza kinachohitajika. Nguo nzito za baridi haziwafai watu wa pwani. Tena asimlazimishe mjane kusimama mbele ya kamera ili apewe gunia la mahindi. Anayepokea naye na aseme waziwazi kilichofika. Hesabu ya mpokeaji ni zawadi anayomrudishia mtoaji.

*Kumbuka wakati uliposaidiwa. Ni jambo gani alilofanya aliyekusaidia lililokulindia heshima yako?*

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Katika miaka ya 1850 na mwanzoni mwa miaka ya 1860, baadhi ya Waadventista walioshika Sabato waliogopa kuunda chama chochote. Walidhani kwamba kanisa likijipanga na kuandikishwa litakuwa Babeli. Wakati huo nyumba ya uchapishaji iliyotegemezwa na michango ya waumini ilikuwa mikononi mwa James White binafsi, kwa kuwa halikuwako kanisa lenye jina la kuimiliki kisheria. Yeye mwenyewe hakutaka kuendelea hivyo. Kama angekufa, mali ya Bwana ingehesabiwa kuwa mali yake.

Mwaka 1860, huko Battle Creek, Michigan, jina la Waadventista wa Sabato lilichaguliwa. Tarehe 21 Mei 1863, Konferensi Kuu iliundwa, washiriki wakiwa kama 3,500 tu. Miaka 11 baadaye, mwaka 1874, J.N. Andrews, mjane aliyefiwa na mke wake, alisafiri na watoto wake wawili kwenda Uswisi, akiwa mmishonari wa kwanza rasmi wa kanisa kutumwa ng'ambo. Kundi dogo lililokuwa limeogopa kuwa na utaratibu liliweza sasa kumtuma mtu wake mbali.

Hatari za siku hizi zina sura nyingine. Ujumbe huingia katika simu, wenye picha ya watoto wenye njaa na jina la mchungaji wa nchi jirani, ukiomba fedha zitumwe leo hii kwa namba ya mtu binafsi. Inawezekana hitaji ni la kweli. Inawezekana pia picha imeibwa. Mkristo hafungi moyo wake kwa sababu matapeli wapo, wala hatumi kwa haraka kwa sababu amehuzunika. Anauliza maswali matatu ya Ezra na Paulo: Ni nani anayemfahamu mpokeaji? Ni nani, zaidi ya mmoja, atakayeibeba fedha? Ni nani atakayetuambia kwamba imefika? Mzee wa kanisa, mhazini na ofisi ya konferensi wapo kwa ajili ya kusaidia kupata majibu hayo.

Yesu mwenyewe aliketi kuielekea sanduku ya hazina, akamwona mjane akitia senti mbili (Marko 12:41–44). Kila mhazini anapofungua bahasha Sabato jioni, anashika kitu ambacho Bwana amekwisha kukitazama kikitolewa.

Maswali ya Kujadili:

1. Darasani, jadilini tofauti kati ya kumwamini mtu na kumwachia mtu. Je, kanisa linaweza kumpenda mhazini wake na bado likamkagua? Kwa njia gani?

2. Mshiriki mmoja anasema, "Mimi nimempa Mungu, watakavyoitumia ni juu yao." Kauli hiyo ina ukweli gani, na ina upungufu gani ukiilinganisha na 2 Wakorintho 8:20, 21?

3. Baraza la kanisa lina fedha za kulipia ama matangazo ya redio ya miezi mitatu, ama chakula cha ndugu waliokimbia vita nchi jirani. Mafungu ya juma hili yanawasaidiaje kuamua bila kugombana?

4. Washiriki wengine wanaishi Ghuba, Ulaya au Marekani na hutuma michango nyumbani. Kanisa linaweza kufanya nini ili wajue michango yao imefika na imefanya kazi gani?